Hita ya Tela la Mama

Jumatatu, 4 Novemba
Nimemwogesha Mama tena kwa kopo. Hufumba macho mpaka nimalize. Tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia, hajioshi mwenyewe. Namwonea huruma. Nimechoka pia.

Jumapili tunahamia Puge kwa mdogo wake, Mama Mdogo Mwajuma, amkande ule mkono. Bafu lao liko nje, lina ngazi ndefu, Mama hawezi kupanda. Basi tutalala kwenye tela la kaka Nassoro, alimokuwa akilala akizunguka minadani na vitenge vyake. Ndani lina bafu dogo. Maji moto halina.

Jumatano, 6 Novemba
Madukani Tabora kutwa nzima. Hita ya umeme? Puge umeme hukatika. Ya sola? Kwa mawingu haya! Ya gesi, fundi Rajabu anasema ikifungwa ndani hewa yake itatuua tumelala. Nassoro ananicheka kwenye simu: mchagua jembe si mkulima. Angekuja achague yeye.

Alhamisi, 7 Novemba
Ya gesi. Rajabu kaifunga nje, ubavuni. Bomba tu ndilo limeingia ndani, upande wa kushoto. Nimelalamika limekaa vibaya. Eti hapana pengine.

Jumapili, 10 Novemba
Tumefika Puge. Mama Mdogo katia kidole kwenye maji ya hita, akacheka.

"Haya ya kumnawisha mgeni, mwanangu. Kukanda kunataka maji yaliyochemka na majani."

Hita haichemshi majani. Maduka yote yale, na mkandaji mwenyewe sikumwuliza! Mjinga mimi. Mama Mdogo kabandika sufuria kwenye mafiga.

Jumatano, 13 Novemba
Anakandwa asubuhi na jioni. Kitambaa kinafuka mvuke, Mama anakaza meno. Mkono uko vilevile. Mama Mdogo anasema nivute subira. Kukanda sijui, kuponya siwezi, hata kuni nikizipuliza hazishiki. Nimelia nyuma ya tela.

Jumamosi, 16 Novemba
Mkono haujasogea.

Jioni nilichukua kopo kama kawaida. Mama akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono wa kushoto, akafungua bomba la hita mwenyewe.

"Toka. Funga mlango."

Nimekaa kwenye kidaraja cha kupandia tela. Maji yanamwagika ndani. Yanasita, yanaendelea.

Sijaitwa.