Masizi Kwenye Mlango wa Gari

Mji wa Kale, Mombasa
9 Februari 2025

Mwanangu Jawahir,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Niwie radhi kwa kimya changu tangu Novemba. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na hasira nawe, ingawa barua yako ya mwisho ilikuwa na nukta moja tu katika ukurasa mzima. Natumai wewe na mumeo mu wazima huko Nakuru. Mimi mzima, na shangazi yako wa Buxton mzima, isipokuwa miguu yake.

Nilikuwa na kazi. Nguzo ya lango la Buxton ilikwaruza gari, mlango wa kushoto na madigadi ya mbele, na chumvi ya hewa yetu haikuchelewa kula bati. Shangazi yako akasema haingii tena katika banda la kuku, ndivyo anavyoliita gari langu sasa. Nawe wajua kuwa kila Jumamosi mimi ndiye ninayemleta nyumbani kula chakula cha mchana. Asipoletwa, hana pengine anapokwenda.

Crispus, mpaka rangi wa Majengo, hupunguza bei akiletewa vipande vilivyokwisha kutayarishwa. Basi nimevifungua na kuvileta uani kwa mkokoteni, maana kichochoro chetu hakipitishi gari. Nimekwangua kutu, nimeziba mabonde, nimepaka praima ya kijivu, ile rangi ya chini. Naosha kwa maji ya kununua. Ya kisima chetu yana chumvi, nayo ikibaki chini ya rangi, rangi hufura malengelenge. Sasa nimepaka masizi ya mkaa juu ya praima, kama alivyonielekeza Crispus. Msasa ukipita, masizi hutoka penye usawa na hubaki penye shimo. Yakiisha yote, kazi imekwisha.

Msalimie mumeo.

Baba yako,
Awadh


Nakuru
17 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Waaleikum salaam warahmatullah. Naibusu mikono yako. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Nukta nimeziongeza, tafadhali zihesabu.

Baba, usinikasirikie. Lango la Buxton hupita hata lori la maji. Na Idi iliyopita ulinimiminia kahawa kwenye sinia, kikombe kikiwa kando. Nilidhani umechoka. Nakuomba ukapimwe macho kabla ya kuvirudisha vipande hivyo garini. Shangazi anaweza kuja kwa tuktuk.

Binti yako,
Jawahir


Mji wa Kale
22 Februari 2025

Mwanangu Jawahir,

Assalaam aleikum. Sote wazima.

Birika lilikuwa la moto, mkono ukatetereka. Dada yangu hapakiwi tuktuk kama gunia maadamu mimi ningali hai. Masizi yamekwisha. Kesho napeleka vipande kwa Crispus.

Baba yako,
Awadh


Nakuru
18 Machi 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ramadhani Karim. U mzima? Futari yako nani anakupikia?

Hujanijibu barua zangu mbili za mwisho. Jirani yako Fahmi ameniambia kuwa gari bado limesimama barabarani bila mlango. Nimekuudhi?

Binti yako,
Jawahir


Mji wa Kale
8 Aprili 2025

Mwanangu Jawahir,

Waaleikum salaam. Idi imepita nasi tu wazima. Hukuniudhi. Nilikuwa sijui niandike nini kilicho kweli.

Crispus aliutazama ule mlango, akacheka. "Mzee Awadh, leo umeniletea utani? Hii hujagusa!"

"Nimeusugua mpaka mkono umekufa ganzi."

"Na hii nyeusi yote ni ya nani?"

Nilitazama, nikaona kijivu kitupu. Nilidhani ananikejeli. Akakishika kidole changu, akakipitisha juu ya bati, kikatoka cheusi. Hakucheka tena. Alinisogezea kiti, akauliza polepole, "Baba, na barabarani unaonaje?"

Siku ya pili nilikwenda kwa daktari. Amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto zaidi. Hupasuliwa, na wengi hurudi kuona vizuri.

Nilikwenda Buxton kwa miguu kumweleza shangazi yako. Alikuwa akichagua mchele, wala hakuuacha.

"Mimi najua tangu mwaka jana," akasema. "Kila nikipanda gari lako nilikuwa nikisoma dua mpaka tufike."

"Na banda la kuku?"

"Nilikuwa natafuta sababu ya kutopanda."

"Si ungeniambia tu?"

"Ningekwambia, ungeona haya, usije tena. Mimi nakujua, Awadh. Tangu utotoni ukishindwa na jambo hujificha." Akasukuma sinia kando. "Keti. Leo utakula kwangu."

Tangu siku hiyo Jumamosi nala kwake, na katika Ramadhani nilifuturu huko. Hupika pilau yenye bizari nyingi kupita kiasi, nami humaliza sahani.

Crispus aliusugua mlango upya, akaupuliza rangi pamoja na madigadi. Kazi ni safi. Hata mimi naona inang'aa. Alitaka kuvifunga garini siku ileile, nami nikamwomba asubiri. Naogopa kisu, mwanangu. Hilo sijamwambia mtu mwingine, hata daktari. Ama nitakubali kupasuliwa, ama nitaliuza gari. Kuliendesha hivi nilivyo, siliendeshi tena.

Usije kunishawishi, na usimtume mumeo. Nikishakata shauri nitakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, wala usimuulize Fahmi.

Baba yako,
Awadh