Bafle za Golf na Ampli ya Mama Mukwe

Mama Angélique mupendwa, wewe mwenye kujibu barua zetu mu gazeti, unisaidie mbele moyo yangu ikauke, mimi Chomba wa Katuba, muntu mwenye kufika Ndola, Kitwe na hata Bruxelles (aéroport tu, lakini Bruxelles ni Bruxelles), mu Katuba yote hakuna mwenye kujua muziki kunipita, na kisha pillage, ule wizi wa muji muzima, wakati bazungu balikuwa banakimbia kupitia mupaka wa Kasumbalesa, patron wangu wa Golf, mutaa ya batajiri, alinipatia bafle zake mbili, masanduku ya kutoa sauti, mbele ya majirani bote, «Chomba, mutuka imejaa, chukua», bafle ndefu kama mulango, na kwangu niko na ampli ya marehemu baba, mashini ya kukuza sauti, ile ya zamani ya malampe, watt kumi tu lakini sauti yake ni asali, basi nikajivuna kila pahali nikisema harusi ya binti yangu Abigaëlle, jumamosi hii, itatikisa mabati, sababu bia imepotea mu muji, nyama hakuna, mushahara hakuna, muziki tu njo karamu yetu. Nikaunganisha. Mama! Ni sauti ya muzee anakohoa ndani ya blanketi. Nikafungulia mpaka mwisho, akakohoa zaidi.

Ampli ya transistor yenye nguvu iko kwa mama mukwe wangu, Mama Kalaba, mwenye nganda, nyumba ya kunywea pombe, pale karibu. Lakini siku moja, nikizani hayuko, nilisema mbele ya banywaji: «Transistor? Ile ni kopo ya sardine!» Kumbe alikuwa nyuma ya rido, pazia ya mulango. Unajua bukwe yetu: mukwe na mama mukwe habaongee uso kwa uso. Akaambia chungu yake, kwa nguvu, ili nisikie: «We chungu, kopo yangu ya sardine haitoke hapa!» Bibi yangu Brigitte, binti yake Mama Kalaba, anacheka: «Ni wewe uliitukana, tengeneza mwenyewe.» Mutoto wangu acheze harusi yake na makofi tu?

Chomba, Katuba

Ndugu Chomba,

Nimecheka mpaka machozi. Sasa nyamaza, usikie. Mudomo yako iko na watt mingi kuliko ampli yako! Bafle za patron zinakula nguvu. Kuzipatia watt kumi ni kulisha muchimba shaba kijiko moja ya uji. Malampe ya baba hayana kosa. Uyapatie bafle nyepesi, zile za redio kubwa ya zamani, uweke mu salon kwa bazee: asali itarudi. Na usiwashe hata siku moja ampli ya malampe bila bafle, transfo, ile transfoma ya ndani, itaungua. Bafle za Golf ni za transistor, hakuna mujadala.

Sasa bukwe. Beba kuku muzima, simama inje ya nganda, geuza mugongo, na wewe uambie ile chungu: «We chungu, mimi mukwe nilisema upumbavu. Ampli ya hapa iko na kifua, yangu hapana. Mujukuu anaolewa.» Bila mizaha, bila kutaja safari zako. Weka kuku chini, uende. Kambo gani, nyanya gani, ataacha mujukuu wake acheze na makofi?

Na jumamosi, kiti ya mama mukwe ikuwe mbele ya bafle moja, yako mbele ya ingine, ngambo ya pili ya parcelle, ya kiwanja yenu. Hamutatazamana, lakini kwa puissance ile, ile nguvu ya sauti, mutacheza wimbo moja.

Mama Angélique