Shangazi Rukia Aiba Mahamri Yake Mwenyewe

Jumanne

Nimeponea chupuchupu. Shangazi ameuona mchezo.

Wiki nzima nimekuwa nikimficha. Katika mchezo wa kompyuta tunaoutengeneza kazini, muuza mahamri wa Mji wa Kale ni yeye hasa, kwa leso yake na mdomo wake. Sikumwomba ruhusa. Leo alasiri amekuja kwangu na kuanza kucheza kabla sijawahi kuzima.

Akamtembeza msafiri wa mchezo hadi kibandani, akaiba hamri moja makusudi. Muuzaji akamgeukia: "Mwanangu, mkono huo umelelewa na nani?"

Maneno yake mwenyewe! Nikangoja kofi.

Shangazi akabonyeza, msafiri akaomba radhi. Muuzaji akatabasamu, akamuuzia.

"Huyu ni mimi," akasema Shangazi.

"Ndiwe, Shangazi. Nisamehe."

"Yako baadaye. Mbona huyu asamehe upesi hivi? Mimi ningemnunia siku tatu, na mtaa mzima ungejua kwa nini."

Alisema kweli, basi nikabadilisha pale pale. Sasa ukimwibia, hata mshona kofia wa kichochoro cha pili haitikii salamu yako.

Shangazi akajaribu tena. Akaiba mahamri matano, akazunguka mtaa akinyimwa salamu kila mlango, akicheka hadi akatoka machozi.

Naogopa wenzangu watasema mchezo umekuwa mgumu mno. Lakini nilipomwonyesha pa kubonyeza ili aombe radhi, alinipiga mkono.

"Waache waninunie. Tutaona nani atachoka kwanza."