Dana, Simu ya Tent Bado Inashikwa

Mpendwa Dana, bibi yangu,

Naandika hii barua kwa Kiswahili kwa sababu ile ya Dholuo niliyokuandikia nikiwa sekondari, uliisoma ukaniuliza kama niliiandika nikiwa juu ya pikipiki. Hata kama sasa hauko wa kuuliza, sitaki kujaribu bahati.

Habari ya kwanza: simu yako ya waya imekufa. Ile nyeusi uliyokuwa unaifunika na kitambaa cha kufuma kama mtoto amelala. Wezi walikata waya kwa nguzo, ikarudishwa, wakakata tena. Mara ya tatu wenye laini wakasema hawarudi. Aunty Akoth, lastborn wako ambaye sasa ndiye ameshikilia biashara ya kukodisha tent za matanga na harusi, akasema basi: tunauza tent, viti na sufuria zote kwa yule jamaa wa karibu na stage, na yeye anarudi kwa cherehani yake. Nikamuomba mwezi mmoja.

Si ati napenda tent. Ni vile uliniambia.

Unakumbuka siku ya kwanza kunishikisha simu? Nilikuwa na kama miaka tisa. Ikalia, nikaruka juu yake, nikasema, "Haloo, unataka tent ngapi?" Ukaninyang'anya. Ukaongea na huyo mtu dakika kumi nzima: mvua, ng'ombe, watoto wa shule, goti lake. Mwisho kabisa ndio akasema mzee ametuacha, na hapo ndio ukauliza tent. Ulipoiweka chini ukaniambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, mtu wa kupiga hapa amefiwa. Hawezi kusema hilo neno mara moja. Unamtembeza polepole mpaka afike. Na asiwahi kuongea na ukuta."

Basi nikaingia kazi. Wiki mbili niliangalia video za hawa watu wa kupiga simu kwa intaneti, nikiharibu bundle kama mtu hana wazazi. Nikaweka WiFi dukani. Ile namba uliyopaka nyuma ya kila kiti sikutaka ipotee, kwa sababu hata viti ambazo hazikurudi, ziko kwa jikoni za watu mpaka Homa Bay zikitutangazia. Nikajaza fomu, nikapeleka barua ya Aunty, nikarudishwa, nikarudi. Namba ikahama. Sasa haipiti kwa nguzo, inapita kwa intaneti, na ikilia inaweza kulia kwa simu ya duka, ya Aunty na yangu, zote pamoja.

Ningeachia hapo. Lakini wewe unanijua.

Niliona kwa video vile ofisi kubwa zinafanya, nikasema na sisi tutakuwa hivyo. Nikamfungia Aunty kwa store katikati ya magodoro, sauti isirudi, nikamrekodi mara kumi na moja: "Karibu. Bonyeza moja kwa tent. Bonyeza mbili kwa viti. Bonyeza tatu kwa sufuria." Mtu asipobonyeza kitu kwa sekunde nane, inakata. Niliisikiliza nikajiona kama nimejenga airport.

Wiki ikaisha bila oda hata moja. Kwa kompyuta naona watu wamepiga, wengi sana, lakini kila simu ni fupi. Nikalaumu network. Aunty akaanza kuhesabu viti za kuuza.

Alhamisi ndio Mzee Ouma wa Rangwe akafika na boda, ndani ya koti na gumboots, yule mteja wako wa miaka yote.

"Akoth yuko wapi?"

Aunty akatoka na tepu ya kupima shingoni. "Baba, karibu."

"Usiniambie karibu. Umeniambia karibu mara sita leo asubuhi. Nakuuliza uko aje, unasema bonyeza. Nakuuliza watoto, unaniletea habari ya sufuria."

"Mimi?"

"Nikasema labda ana mgeni, wacha nipige tena. Nimefika tu kwa mvua, ukanifungia simu."

"Mzee, hiyo ni mashine," nikasema.

"Na mashine imetoa wapi sauti ya Akoth?"

Aunty alinigeukia polepole. "Kumbe ndio maana mama wa kuuza dagaa za omena ananiita Madam Bonyeza tangu Jumanne. Umenichafulia jina kutoka hapa Oyugis mpaka Rangwe."

Halafu akamvutia mzee kiti na wakaanza upya, vile inafaa. Mvua. Ng'ombe. Goti, kumbe hata mzee ako na goti la kuuma. Mzee alipofika mahali pa kufika, akatoa kofia akasema, "Ndugu yangu mdogo ametuacha." Hilo neno alikuwa amelibeba tangu saa moja asubuhi, akijaribu kulitua kwa ile mashine yangu, mara sita.

Ukuta wenyewe, Dana. Niliujenga mimi, tena na intaneti ya kasi.

Tukampelekea tent siku hiyo hiyo, na kabla sijapanda kwa lori nilikuwa nimefuta bonyeza zote. Sasa ikilia inalia kwetu wote, wa kuwahi ashike, na aanze na mvua. Aunty akaniambia, "Ikikatia mtu tena, nauza. Na wewe nakutupa juu kama nyongeza."

Jumatatu niko Rangwe kwa hiyo matanga ya ndugu ya Mzee Ouma, nimeshika kamba ya tent na meno, simu yako ikalia mfukoni mwangu. Ni Mama Robi wa Suna, yule Mkuria wa mahindi, ambaye mlikuwa mnaongea naye Kiswahili chenu wawili ambacho hakuna mtu mwingine anaelewa. Akaniuliza mvua. Akaniuliza shule. Halafu akasema, "Na bibi wa simu, leo mbona hajashika yeye?"

Hakuwa amesikia kwamba ulituacha. Nikatoa kamba kwa meno.

"Mama, huku mvua imenyesha vizuri," nikasema.

"Eeh."

"Mahindi imetoka."

"Eeh."

"Ng'ombe yake ilizaa."

Akauliza, "Ndama ya kike?"

"Ya kike."

"Na yeye hakuiona."

"Hakuiona, mama."

Nikamngoja. Mimi, ambaye siwezi kungoja chai ipoe. Nikamsikia akipenga kamasi, halafu akauliza, "Sasa nyinyi mlipofiwa, nani alipiga hii simu?"

"Hakuna. Tent zilikuwa tu hapo nyumbani."

"Watu wa tent wanafiwa na hakuna mtu anawapigia?"

"Watu walikuja, mama, wengi sana. Lakini kupiga, hapana."

"Kata," akasema.

Nikakata. Kabla sijarudisha simu mfukoni, ikalia tena. Aunty ananiambia hata yake ililia huko dukani, lakini niliishika kabla ilie mara ya pili.

"Haloo," akasema Mama Robi, kama hajawahi kunisikia tangu azaliwe. "Ni kwa tent? Mnaendelea aje huko? Mvua?"

Tukaanza upya, Dana. Mvua, mahindi, ndama, dada yake wa Kehancha, goti la dada yake. Dakika kumi na nne, iko kwa kompyuta, kuja uone. Alipofika mahali pa kufika, akasema, "Nimesikia mmefiwa na mama." Nikamwambia ni kweli. Ndio mara ya kwanza nimeisema kwa mdomo.

"Poleni," akasema. "Mkishamaliza kulia, niletee tent mbili. Robi anaolewa."

Nilimuuliza kama huko kwao Migori hakuna tent. Akasema zimejaa, lakini za huko hazijui kusalimia.

Aunty hajataja kuuza tena. Anashona mapazia ya tent za Robi, na mama wa omena bado anamuita Madam Bonyeza, na siku hizi anaitika.

Pumzika sasa, Dana. Kale kasanduku ka WiFi, Aunty amekafunika na kitambaa chako cha kufuma. Kanapata joto, nimemweleza mara tatu, amekataa nikitoe.

Mjukuu wako, anayeanza na mvua.