Mnunuzi Mmoja Mnadani

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Nyamigogo tu wazima, mahindi yamekubali, na kikohozi cha babu yako hatimaye kimemwacha.

Unaniuliza kama uuze hisa zako kwa kuwa bei imeanguka. Hisa sizijui, ila mnada wa ng'ombe naujua. Wakati wa vita vya Kagera ulienea uvumi kwamba adui yuko njiani, na kila mtu akaswaga mifugo mnadani. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, naye kwa ng'ombe akataja bei ya mbuzi. Majirani wakakubali. Hata mimi, niliyeswaga mmoja kwa hofu, ningekubali, lakini ng'ombe yule tulikuwa tunamfugia shemeji yangu wa Shinyanga: maziwa yetu, ng'ombe wake. Bila ruhusa yake, hauzwi. Nilirudi naye nimenuna njia nzima.

Adui hakufika kwetu, Mungu ashukuriwe. Kwa hiyo kabla hujauza, tazama wanunuzi siku hiyo wako wangapi.

Vita vilipoisha, mnunuzi yule alikuja nyumbani kuuliza kama ng'ombe bado yupo. Nilimkaribisha, nikampa maziwa, nikangoja amalize kikombe ndipo nikamjibu kwamba maziwa hayo ni ya ng'ombe yuleyule.

Bibi yako anayekuombea