MTUMBWI MPANA KULIKO MLANGO

KAMATI YA MTUMBWI, GHUBA YA KORONGO
Kikao cha dharura, Ijumaa, 11 Julai 2014, ndani ya banda la uchongaji

Waliohudhuria: Bi. Verna Billy (Mwenyekiti), Bw. Ambrose Thomas (mchongaji), Bi. Odelia Peter (msokota kamba), Bw. Clifford George (Katibu)
Aliyekosa: Bw. Wilfred Sam (yuko mtoni anavua; samaki wa samoni wameingia)

KUMB. NA. 1/2014: KUFUNGUA
Mwenyekiti alionya kwamba atakayecheka atatolewa nje.

KUMB. NA. 2/2014: HALI YA MTUMBWI
Bw. Ambrose alieleza kwamba mtumbwi wake wa kwanza mkubwa umepanuka vizuri. Kwa faida ya watakaosoma baadaye: gogo la mwerezi huchongwa jembamba, hujazwa maji na mawe ya moto, na mvuke ukishalainisha mti, mbavu husukumwa nje kwa magongo. Mwerezi hukubali bila kupasuka.

Alipoulizwa kikao ni cha nini basi, alikiri kwamba mlango wa banda aliupima kwa gogo lililoingia, si kwa mtumbwi utakaotoka. Wageni wa vijiji jirani wanafika kesho asubuhi kuuona ukishushwa majini.

Kilifuata kicheko. Mwenyekiti ndiye aliyeanza.

KUMB. NA. 3/2014: UKUTA
Bw. Ambrose alipendekeza ukuta ukatwe kwa msumeno.

Bi. Odelia alisimama. "Ukate mbao nzima za mwerezi hivi? Thubutu, mwanangu!" Alikumbusha kwamba mwaka juzi Bw. Ambrose alitaka mbao hizo zipigiliwe misumari, na kwamba kamba za matawi ya mwerezi ambazo Bi. Odelia alizisokota kufungia ukuta aliziita mapambo ya bibi. Kamati ilimkatalia.

"Shangazi, upepo ulikuwa unaingia!"

"Basi mtumbwi wako utatokea hapo hapo ulipoingilia upepo."

Katibu alifafanua kwamba wazee walifunga mbao za nyumba kwa kamba ili kila kiangazi wazifungue na kuhama nazo. Ukuta wa namna hiyo haukatwi.

Bw. Ambrose aliweka msumeno chini. "Shangazi, nimekoma. Tufungulie."

"Kufungua nitafungua. Kufunga utafunga wewe, kwa kamba utakazosokota mwenyewe."

Ilikubaliwa kwa kauli moja. Bw. Ambrose alikuwa wa mwisho kunyoosha mkono, lakini aliunyoosha.

KUMB. NA. 4/2014: MENGINEYO
Mbao za ukuta zitakaliwa na wageni wakati wa kula samaki.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na moja jioni. Wajumbe walikuwa wale wale na mahali pale pale, ila ukuta wa upande wa bahari haukuwepo tena, na mtumbwi ulikuwa nje, juani.

V. Billy, Mwenyekiti
C. George, Katibu