Tezo la Babu Sharifu

Mbuchi, 4 Juni 2024

Mwanangu Thuwaiba,

Salamu nyingi kwako na kwa mafundi wenzako. Sisi tunapumua, ila mafuriko yametuachia tope hadi chumbani, na mkono wangu wa kulia bado haukunjiki. Nyundo sasa naitazama tu.

Nakuletea tezo la babu yako Sharifu kwa mkono wa Haruna wa boti. Lililala majini, limeliwa na kutu. Mdogo wako Saadi amepata kazi ya kuchonga mtumbwi, na tezo za dukani zinapinda kwenye mti mgumu. Bila hili kazi hana, na mkewe ana mimba kubwa.

Usilitie mashine. Mwili wake ni chuma laini. Pua, yaani chuma kigumu, iko ukingoni tu, babu aliishikiza kwa moto na nyundo. Ukisaga unaimaliza. Sugua kwa mchanga na mafuta. Kisha pasha ukingo kwa mkaa hadi rangi nyekundu ya kunazi bivu, uuchovye majini, halafu uuoteshe moto kidogo tena usiwe mwepesi kuvunjika.

Baba yako


Kibiti, 19 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Mkono unaendeleaje? Mimi mzima, kazi za kuchomelea mageti haziishi.

Kutu ilipotoka niliona mstari pale pua inapokutana na chuma. Nikakaa nalo mapajani, vijana wa karakana wakanicheka. Nimelipasha mwenyewe uani, jua la saa saba utosini, nikavukuta moto mpaka ikatoka rangi yako ya kunazi. Sasa linanyoa nywele za mkono. Nalirudisha kwa mkono wa Haruna. Mwambie Saadi asirudie kusema wanawake hawajui chuma.

Mwanao Thuwaiba


Mbuchi, 2 Agosti 2024

Mwanangu,

Nakusalimu. Afya yangu usiulize. Nimechelewa kwa kukosa pa kuanzia.

Saadi alikuwa akichonga ndani ya mtumbwi, ukingo wa tezo ukavunjika, kipande kikamwingia jicho la kushoto. Hospitali wamelitoa.

Nimetazama palipovunjika, punje zake kubwa kama chumvi ya mawe. Chuma kiliungua. Nilikukasirikia sana, nikasema maneno ambayo baba hasemi. Kisha nikasoma tena barua yako. Jua la saa saba! Thuwaiba, juani wekundu hauonekani mpaka chuma kimeshaharibika. Babu yako alifua bandani, mlango umefungwa, kiza tupu, watu wakidhani anaficha uganga. Mimi nimekulia humo, sikuona kama ni jambo la kuambiwa mtu. Nilikupa rangi, kiza sikukupa. Tumemtia kilema sote wawili.

Baba yako


Kibiti, 21 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Nimemwandikia Saadi, hajajibu. Nilimwagiza Haruna aniletee tezo lililovunjika.

Nimeziba kibanda kwa magunia, nikajifungia. Nimeshikiza pua mpya kwenye chuma cha babu. Ilikataa, ikakataa, mwisho ikashika. Kizani nikaiona rangi yako, wekundu uliotulia, nikaelewa nilichokifanya juani. Nimechonga nalo kisiki cha mkwaju kutwa nzima, uso wangu karibu, bila miwani. Kama lilikuwa la kuvunjika, livunjikie kwangu.

Nalileta kwa mkono wa Haruna. Mpe mdogo wangu, amalize kazi yake.

Mwanao Thuwaiba


Mbuchi, 15 Septemba 2024

Mwanangu,

Salamu. Wifi yako kajifungua salama, mtoto wa kike.

Tezo limefika. Saadi alilipima kwa kidole, akasema, "Dada kalijulia." Akaingia mtumbwini. Pigo la kwanza likaenda pembeni, la pili likatoboa ubavu. Kwa jicho moja hajui mti uko umbali gani. Akatoka, akalifuta, akanirudishia. Mwenye mtumbwi kachukua fundi mwingine, na Saadi sasa anabeba magunia ya mpunga pale bandarini.

Ni zuri, Thuwaiba. Mimi sijawahi kufua zuri hivyo, na nakwambia ili ujue. Nimeliweka darini. Saadi kaniomba nisilitoe akiwapo.

Baba yako